Nywele Zilizosukwa Nusu

Kila Jumamosi asubuhi Sabra alikwenda kwa jirani yao wa mtaa wa Kihonda, Mama Hamza, kusukwa mtindo wa twende kilioni. Alikaa mkekani, mgongo ameuegemeza kwenye magoti ya mama huyo, na kwa kawaida hakunyamaza hata kidogo. Sabra alikuwa na mdomo, mtaa mzima ulijua. Jumamosi hii hakuwa na neno.

Mama yake na Mama Hamza walikuwa vibarua katika kiwanda cha kukamua alizeti. Hawakuwa na mikataba. Kila alfajiri walisimama getini, na msimamizi, Bwana Castory, akawanyooshea kidole wale wa kuingia. Wengine walirudi nyumbani. Vumbi la mbegu liliwakohoza, lakini nani angethubutu kudai barakoa peke yake? Ndipo kina mama wakaanza kukutana nyumbani kwa kina Sabra, wakisingizia kusuka ukili wa mikeka, ili wajiunge na chama cha wafanyakazi. Mama Hamza alichaguliwa kuwasemea.

Sabra alionywa asimwambie mtu. Akamwambia Faraja, binti wa Bwana Castory, kwa sababu tu Faraja alijisifu kwamba baba yake ndiye mkubwa pale kiwandani. Sabra alimjibu asubiri Mama Hamza aanze kusema, ndipo atajua nani mkubwa. Faraja akamfikishia baba yake, na tangu hapo kidole cha Bwana Castory kilimruka Mama Hamza.

"Siku hizi nina nafasi," alisema Mama Hamza, akikohoa. "Leo nitakusuka vizuri."

Vidole vyake havikuvuta hata kidogo, na upole ule ulimuumiza Sabra kuliko kiboko. Upande wa kulia ulipokwisha, machozi yakamdondoka.

"Nimekuumiza?"

"Hapana. Mimi ndiye niliyekuumiza, Mama Hamza. Nilimwambia Faraja."

Vidole vikasimama. Sabra alisubiri kofi, halikuja. Mama Hamza alimwambia tu, kwa sauti ndogo, aende nyumbani akamweleze mama yake maneno hayo hayo.

Sabra alimweleza. Mama hakumkaripia, alijifunga khanga akaenda kuwaita wenzake. Wakakubaliana kwamba siri ikishatoka, hakuna haja tena ya kujificha. Mama alipotaka kummalizia nywele, Sabra alikataa. Aliona hastahili. Jumatatu alikwenda shule amejifunika ushungi, na hakuna somo lililomwingia.

Asubuhi hiyo Bwana Castory alinyoosha kidole, hakuna aliyeingia. Kina mama walimwambia kwa adabu kwamba wataingia pamoja na Mama Hamza, na kwamba afisa wa chama yuko njiani. Malori ya mbegu yalijipanga nje, mpaka meneja akatoka wakakaa mezani kuzungumza. Mama Hamza alirudishwa kazini, barakoa zikaahidiwa wiki hiyo hiyo, na mazungumzo ya mikataba yakapangiwa siku.

Jioni Mama Hamza alisimama mlangoni kwa kina Sabra, chanuo mkononi.

"Njoo tumalize."

Sabra aliinamisha kichwa, akasema bado anaona aibu.

"Ona aibu, ni haki yako," alisema Mama Hamza. "Uliniumiza sana, sikufichi. Mtu akikuamini siri ya kazi yake, umeshika chakula cha watoto wake. Lakini ulikosea, ukakiri mapema, na sisi tukapata nafasi ya kutengeneza. Nikiwa peke yangu, kidole kiliniruka. Tuliposimama wote, ilibidi wakae nasi kuzungumza."

Sabra akavua ushungi, akakaa. Safari hii Mama Hamza alivuta kidogo, naye hakulalamika.