Nafasi Kwenye Benchi

"Sogea kidogo, Asli," Abdimajid alisema, na mkewe akasogea tena, mpaka ukingo wa benchi ukamuuma pajani.

Studio yao ya Kisii mjini ilikuwa imefufuliwa na viboksi vya kadibodi vyenye lenzi mbili. Unaingiza simu, unaweka macho, na picha mbili zilizopigwa kando kwa kando zinaungana, mtu anatokeza na mwili wake kana kwamba utamshika. Abdimajid alipiga ya kwanza akiegemea mguu wa kushoto, ya pili akiegemea wa kulia, na ole wake atakayetikisika katikati. Asli, aliyekaa kupigwa picha za kuonyesha wateja, hakutikisika kamwe. Alimpenda mwanamume huyo, basi. Miaka saba iliyopita Abdimajid alikuwa ameapa mbele ya baba yake Asli, kule Nyamira, kwamba hajawahi kuoa.

Ila benchi lilinukia udi, na hapakuwa na aliyefukiza.

Jumatano, mvua ya saa tisa ikipiga bati, Mama Bochaberi wa Nyaramba aliingia kujikinga. Akaokota kiboksi, akachungulia, akacheka.

"Kumbe Abdi ako na wawili! Na huyu mwingine mbona hajawahi kunisalimia?"

"Mwingine nani, mama?"

"Si huyu mmekaa na yeye. Amevaa ushungi yako ya manjano."

Asli aliichomoa simu. Kwenye kioo cha simu alijiona yeye na nafasi tupu, mara mbili. Akairudisha ndani, akaweka macho, na picha zilipoungana, pale kwenye nafasi aliyokuwa akiiachia kila siku bila kuuliza, alikuwa amekaa mwanamke mwenye ushungi wake wa manjano, magoti yakigusana na yake, hana ukungu hata kidogo, amejaa mwili wa kushikika, mkono umetulia pajani kama wa mtu aliyezoea kupigwa picha, na kando yake Asli mwenyewe alikuwa bapa, kama karatasi iliyobandikwa ukutani.

Alipoinua kichwa, Mama Bochaberi alikuwa ameshaondoka kwenye mvua ileile bila kuaga.

"Abdimajid," alimnong'oneza mumewe aliyekuwa akifuta kamera. "Huyu ni nani?"

Mumewe hakukitazama kiboksi. Hakuuliza nani. Hapo ndipo moyo wa Asli ulipovunjika.

"Punguza sauti, atasikia."

"Umemtoa wapi?"

"Alikuwepo kabla yako. Nilimuoa nikiwa kijana. Ni jini, Asli, lakini hana ubaya. Nilimwomba asikuguse. Alitaka mahali pa kukaa tu."

"Na mimi ukawa unanisogeza!" Machozi yalimtoka. "Ulimwapia baba yangu."

"Nilidhani yeye hahesabiki."

Benchi lililia, kama linavyolia mtu mzito anapoinuka. Harufu ya udi ikawa nzito mpaka Asli akakohoa. Kisha sauti ya kike, ya chini, yenye uchungu ambao Asli aliujua kwa sababu ulikuwa wake pia, ikasema karibu na sikio lake:

"Na mimi uliniambia yeye ndiye hahesabiki."

Abdimajid alirudi nyuma hadi pazia la studio likamzuia. "Asli," alisihi, "usiniache naye."

Asli alisogea, safari hii bila kuambiwa, akampisha mke mwenzake. Kisha akatoka, akafunga mlango kwa nje.