Sahihi ya Kasyoka

Mwololo ni fundi wa lifti. Lifti ikikwama katika jengo lolote linalohudumiwa na kampuni yao katikati ya jiji la Nairobi, yeye ndiye hupigiwa simu. Mkewe, Kasyoka, hushona sare za shule katika kibanda kidogo karibu na nyumbani, Uthiru. Wana binti mmoja, Ivyne.

Nyumba yao ni ya mawe, ina vyumba vitatu. Waliijenga polepole kwa miaka tisa, na hawakudaiwa na mtu. Lakini choo kilikuwa nje, ng'ambo ya ua.

Mwaka jana mamake Mwololo alikuja kuishi nao. Wote walimwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba. Alikuwa amevunjika nyonga, na alitembea kwa kushika fremu ya chuma. Mvua ya Aprili ilipoanza, ua ukawa matope.

Asubuhi moja Kasyoka alimkuta Mwaitu amepiga magoti kwenye matope. Fremu ilikuwa imeanguka kando.

"Usimwambie mwanangu," Mwaitu alisema.

Kasyoka hakumwambia. Lakini baada ya wiki mbili aliona jambo. Mwaitu alikuwa hanywi chai. Maji pia hakuyagusa. Midomo yake ilikuwa imekauka, na alianza kuona kizunguzungu. Walipompeleka kliniki, daktari alimuuliza kwa nini hanywi maji.

Mwaitu aliinamisha kichwa. "Nikinywa, lazima niende choo," alisema. "Na kule nje ni mbali."

Jioni Mwololo alimwambia mkewe, "Mama Ivyne, choo kitaingia ndani ya nyumba. Nitaenda benki."

Alirudi kutoka benki akiwa na furaha nyingi.

"Nyumba yetu ina thamani kubwa," alisema. "Tukiiweka dhamana, wanaweza kutupa milioni mbili na laki nane! Tunajenga choo cha Mwaitu, halafu tunapandisha ghorofa. Juu tunaweka wapangaji."

"Choo na chumba cha Mwaitu ni pesa ngapi?" Kasyoka aliuliza.

"Fundi Kibe anasema laki tisa. Lakini tukikopa, si tukope mara moja tumalize?"

"Na tukishindwa kulipa?"

"Tutashindwa aje? Niko na kazi, niko na ovataimu, pesa za saa za ziada."

Kasyoka aliweka sindano chini. "Mimi sitaki, Baba Ivyne."

"Hati ya ploti iko kwa jina langu," Mwololo alisema kwa hasira.

Lakini benki ilikuwa na neno lake. Norman, afisa wa mikopo, alimwambia Mwololo wazi.

"Hii ni nyumba ya familia," alisema. "Sheria inataka mkeo akubali kwa maandishi. Bila sahihi yake, hakuna mkopo. Na kabla ya kutia sahihi, ni vizuri apate ushauri wa wakili."

Mwololo aliona haya. Alikuwa ameshawaambia wenzake kazini kwamba anajenga ghorofa.

Alimweleza Kasyoka, naye akakubali wamwone wakili kwanza. Jumatano walienda mtaa wa Hurlingham, kwa wakili aliyeitwa Muthoni. Wakili aliwasalimu, kisha akamwomba Mwololo asubiri nje.

"Kwa nini?" Mwololo aliuliza.

"Nataka mkeo azungumze bila kumtazama mtu," wakili alijibu kwa upole.

Mlango ulipofungwa, wakili alimuuliza Kasyoka, "Kuna mtu amekulazimisha?"

"Hapana. Lakini naogopa." Kasyoka alishika mkoba wake kwa mikono miwili. "Nilikuwa na miaka kumi. Dalali alikuja kwetu Tala akapiga kengele ya mnada. Shamba letu likauzwa. Mama yangu hakujua hata kwamba baba alikuwa amepeleka hati benki. Alijua siku hiyo, kengele ikilia."

"Pole sana," wakili alisema. "Ndiyo maana siku hizi sheria inataka ukubali wewe pia. Sahihi yako si ya kupamba karatasi. Sasa nikueleze. Ukiweka nyumba dhamana, hati inakaa benki. Mnaendelea kuishi ndani. Mkimaliza kulipa, benki inaiachilia hati na mnarudishiwa. Mkishindwa, benki itawaandikia notisi kwanza. Ukipata notisi, usiifiche. Nenda benki mzungumze, mpange upya. Mkikaa kimya, nyumba inaweza kuuzwa."

"Kwa hivyo mkopo ni mbaya?"

"Si mbaya. Ubaya ni kukopa kwa sababu nyumba ina thamani. Nyumba hailipi mkopo. Mshahara ndio unalipa. Wewe unataka nini?"

"Nataka Mwaitu apate choo ndani," Kasyoka alisema. "Hiyo tu. Kwa hilo ningetia sahihi hata leo."

Wakili alimwita Mwololo, akachukua kalamu.

"Mshahara wako ni ngapi?"

"Elfu tisini."

"Pamoja na ovataimu?"

Mwololo alikohoa. "Bila ovataimu ni sitini."

"Mkopo wa milioni mbili na laki nane mtalipa kama elfu arobaini na tano kila mwezi, kwa miaka kumi. Mkopo wa laki tisa, kama elfu ishirini na moja, kwa miaka mitano. Na riba inaweza kupanda. Muulize Norman mapema ikipanda mtalipa ngapi, na kuna ada gani nyingine."

"Na wapangaji?" Mwololo aliuliza kwa sauti ndogo.

"Wapangaji hawajaja bado," Kasyoka alisema.

Kasyoka alitia sahihi, wakachukua laki tisa. Ghorofa ilikuwa imemwingia Mwololo moyoni, na haikutoka siku moja.

Kabla ya kuanza walipata kibali cha ujenzi cha kaunti. Fundi Kibe alitaka pesa zote mwanzoni. Kasyoka alikataa. Benki ilitoa pesa kwa awamu tatu, na kila awamu mkaguzi alikuja kwanza kuona kazi iliyofanywa. Kibe alinung'unika, lakini alijenga vizuri. Mlango wa choo na bafu ulikuwa mpana, fremu ya Mwaitu ikipita bila kugonga. Hakukuwa na kizingiti. Vyuma vya kushika vilikazwa ukutani.

Siku ya kwanza Mwaitu aliingia, akafunga mlango mwenyewe. Wakasikia maji. Wakangoja. Baada ya nusu saa Ivyne alibisha.

"Nyanya, uko sawa?"

"Niacheni!" Mwaitu alijibu kutoka ndani. "Naoga."

Kasyoka na Mwololo walitazamana wakacheka mpaka machozi yakawatoka.

Januari kampuni ya Mwololo ilipoteza kandarasi za majengo manne makubwa. Barua ikaja. Kazi ilibaki, lakini ovataimu ilikwisha. Mwololo alirudi nyumbani mapema, akampa Kasyoka barua ile mkononi. Hakuificha.

Kasyoka aliisoma yote. Kisha walikaa mezani. Wakatoa pesa za benki kwanza, halafu karo ya Ivyne, halafu chakula na dawa za Mwaitu. Zilitosha. Zilibana, lakini zilitosha.

Mwololo alivuta pumzi ndefu. Mabega yake yalishuka.

"Kama ungetia sahihi kwa ule mkopo mkubwa wa kwanza," alisema, "leo tungekuwa wapi?"

"Sijui," Kasyoka alisema.

"Mimi najua." Alimshika mkono. "Asante, Mama Ivyne."

Mwaitu aliita kutoka chumbani kwake, akiuliza kama chakula kiko tayari. Kasyoka aliinuka kwenda kupakua, na Mwololo akaleta sahani.