Niliionea Wivu Saab ya Ndugu Yangu

Nina miaka hamsini na sita, mkaazi wa Muyeye, Malindi. Wasomaji wenzangu, niliyoyatenda siku ya harusi ya binti yangu sijapata kumsimulia mtu nje ya nyumba yetu...

Marehemu baba alikuwa makanika. Alituachia Saab mbili kuukuu, magari ya Kiswidi ya umbo moja. Moja ina milango miwili na kabureta mbili, mbio zake si mchezo. Ya pili ina milango minne na kabureta moja, nzito kuondoka. Twalib, mdogo wangu, aliniambia nichague kwanza. Nikachagua mbio. Wewe ungechagua ipi?

Kumbe watu hawakutaka mbio! Kila harusi ikamwita Twalib, maana bibi harusi huingia nyuma kwa mlango wake bila kukunja nguo. Gari yake inapambwa maua, yangu iko uani, kuku wanalala chini yake. Nikisikia honi yake nilihisi moto kifuani. Nilichagua mwenyewe, lakini chuki nikaielekeza kwake...

Rukia, binti yangu, akaposwa Mambrui. Nikajua sasa ni zamu yangu. Akaniambia kwa adabu, "Baba, naomba nipelekwe na gari ya ami Twalib. Nyanya akae nami nyuma." Mamangu ndiye aliyemlea, na hamu yake kubwa ilikuwa kumfikisha kwa wakweze kwa mkono wake mwenyewe. Nyonga yake ilikuwa mbovu, hawezi kujipinda kuingia nyuma ya gari yangu wala kustahimili tuktuk.

Hata binti yangu wa kumzaa! Asubuhi ya harusi, Twalib akiwa anaoga, nilifungua boneti yake nikachomoa rota, kile kidude kidogo kinachogawa moto kwenye plagi. Nikakitia mfukoni mwa kanzu.

Msafara ulikuwa umeshatangulia. Twalib aliinama akazungusha ufunguo pale chini, kati ya viti, ndipo Saab hizi huwashiwa... wapi, haikuwaka! Nikaleta yangu. Rukia na gauni lake hawakuenea nyuma, na mbele kando yangu kiti ni kimoja. Mama akatutazama, akasema, "Mpeni mtoto kiti. Mie nitabaki na Twalib."

Rota ilikuwa mfukoni mwangu. Dakika mbili tu ningeirudisha... Nikawasha gari. Rukia alilia njia nzima.

Fungate haikwisha. Siku ya sita Mama akafariki.

Baada ya mazishi nilimpa Twalib ile rota. Hakushtuka.

"Mlipoondoka tu nilifungua boneti, kaka. Mama akanikataza nisikuulize, alisema utakuja sema mwenyewe. Kila ulipokuja kumsalimu, ukitoka tu, aliniuliza, 'Hajasema?'"

Siku sita nilimwamkia shikamoo, nikamuuliza hali, nikaenda zangu! Sijui kama nina radhi yake.

Ndugu msomaji, ikiwa umemfanyia mwenzio ubaya kwa wivu, nakusihi nenda ukaseme leo, angali hai anayekusubiri.