Sahihi kwa Ukurasa wa Kumi na Moja

Maneno yale yalianzia sokoni Kasuku, yakamushika Adolphine kama moshi unavyoshika nguo: Onema, mukubwa wa chumba cha kuzalisha, anatia sahihi kitabu cha staji, mazoezi ya kazi, cha mwanamuke anayemupenda, hata kwa kazi asiyoifanya.

"Mwanamuke gani?" akauliza. Muuza sombe, mwanamuke wa majani ya muhogo, akacheka tu.

Na ni katika soko lile, miezi mitatu nyuma, pikipiki ya Onema ilikuwa karibu imukanyage, amesimama kwa wauza samaki, amejifunga kikwembe chake cha kijani.

"Ado! Si ulikufa, wewe?"

"Nilikufa Obokote. Hapa njo mabaki."

Walisoma uuguzi pamoja. Vita ya 1998 ikamukimbiza Adolphine mpaka pori la Obokote, akazalisha wanawake juu ya majani, mpaka mutoto mumoja akazaliwa bila kupumua, akafia mikononi mwake. Akaacha kazi, akashika jembe. Sasa, mujane mwenye mvi, alitaka kurudilia uuguzi. Wakubwa wa wauguzi wakamwambia: cheti cha zamani hakitoshi. Miezi sita ya staji, kila kazi iandikwe kitabuni na sahihi ya musimamizi, kisha mutihani. Musimamizi akawa Onema.

"Ukipata karte yako ya uuguzi tu," alimwambia, "naleta wazee kwenu."

"Na nikikosa?"

"Sheri wangu, utakosaje na mimi niko?"

Siku ya somo la kufufua mutoto asiyepumua, juu ya sanamu ya plastiki, Onema alikuja amevaa shati nyeupe, ananukia sabuni.

"Achana na ile sanamu! Ulizalisha porini, wewe. Twende ng'ambo ya mto Lualaba tukule samaki."

Akaenda. Alicheka siku ile kuliko miaka yote ya ujane.

Kisha njo maneno ya soko yakaja. Juma nzima hakushika simu ya Onema. Mwishowe akaitika.

"Ma Ado, mbona unanikatia?"

"Uliza mwanamuke wako wa sahihi."

"Mwanamuke gani, mama? Fungua kitabu chako. Ukurasa wa kumi na moja."

Akafungua. *Kufufua mutoto: mara tano, vizuri sana.* Sahihi ya Onema chini. Kumbe mwanamuke wa maneno ya soko ni yeye mwenyewe. Moyo ukamutulia. Akafunga kitabu, akafurahi, hakusema kitu.

Siku ya mutihani, mukaguzi, mama wa miwani, akamupa sanamu.

"Amezaliwa. Hapumui. Uko na dakika moja."

Mikono ikamutangulia. Ikamushika mutoto kwa miguu, kichwa chini, ikamupiga mugongoni, kama Obokote.

"Hivyo tuliacha zamani, mama. Anapanguswa, anasuguliwa, anapewa hewa kwa maski." Akafungua ukurasa wa kumi na moja. "Hapa nani alifanya?"

Adolphine akalaza sanamu mezani.

"Dakika imeisha. Huyu amekufa."

Jina la Adolphine likafutwa kwa orodha ya mutihani. Onema akahamishiwa mbali, Punia, juu ya sahihi ile. Akapiga simu toka kule.

"Nilifanya juu ya mapendo, sheri. Nikuje?"

"Usikuje. Najua ni mapendo. Lakini ule mutoto wa Obokote, Onema... kumbe ni kumupangusa tu, na kumupa hewa."

Akazima simu. Mikono yake haikujua tena pa kukaa.

Binti zangu munaosoma uuguzi, muepuke haya:

Kuacha somo juu ya mwanaume, hata kama anakupenda kweli.

Sahihi ya kazi ambayo mikono yako haijafanya.

Kusema "nilizalisha wakati wa vita, najua."

Kunyamaza ukisha kuona uongo.