Hana Kinachomzuia

Injini ya basi ilikuwa imeshawaka mwalimu wa hesabu alipofika stendi mbio, shati limelowa jasho, vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi. Mwalimu wa jiografia alikuwa dirishani tayari, gauni lake la bluu la siku za ukaguzi, begi mapajani.

"We Ramani! Mwalimu mkuu mzima unaondoka bila kuaga?"

"Hesabu, si una kipindi?"

"Nimewaachia zoezi. Teremka nikukumbatie."

"Watu wanatuangalia."

"Waangalie. Shule nzima inajua."

Hakuteremka. Alimpa ncha za vidole tu kupitia dirishani, basi likaondoka nazo.

Walihitimu chuo kikuu kimoja, wakapangiwa shule moja, na miaka mitatu wakakaa meza moja ya ofisi ya walimu, kalamu nyekundu moja, kikombe cha chai kimoja. Posa ilikuwa njiani, kila mtu alijua. Lakini wiki ile karani wa elimu alimkabidhi Ramani jalada lake alipeleke mwenyewe shule mpya, naye akalifungua. Ndani, fomu ya kumpendekeza awe mkuu, kwa mwandiko wa Hesabu: *Sijaona mwalimu bora kuliko huyu.* Chini yake swali: *Kuna sababu ya kifamilia au binafsi ya kutohamishwa?* Na jibu: *Hakuna. Hana kinachomzuia.*

Alilisoma mara nne. Kumbe mimi kwake si sababu, akajiambia. Hakumuuliza.

Simu zilianza vizuri.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula."

"Nyumba ikoje?"

"Vyumba vitatu."

"Utaviweza peke yako?"

"Si sina kinachonizuia?"

Hesabu akacheka, akidhani anataniwa, fomu alishaisahau. Simu zikawa za wiki, zikawa za mwezi, zikabaki za kutakiana mitihani myema.

Mwanamke aliinua shule iliyokuwa ya mwisho, na jioni alikula amesimama jikoni, maana kuandaa meza ya mtu mmoja kulimchosha. Mwanamume alifaulisha darasa baada ya darasa. Mwalimu mgeni alipovuta kiti cha pili cha meza yao, alimwambia, "Pana mtu."

Mwaka wa tano chuo chao kiliwaita wahitimu waliong'ara kazini. Wakakutana nyuma ya jukwaa, kwenye foleni ya kuitwa.

"Hesabu, suti ya nani hiyo?"

"Ya shemeji. Usicheke."

"Sijacheka."

"Macho yanacheka."

Kisha yakaacha. "Mbona uliandika sina kinachonizuia?"

Ilimchukua muda kukumbuka. "Ningeandika nini? Ungenyimwa ukuu."

"Ungeandika jina lako."

"Ningekuwa nimekufunga, Ramani."

"Nani alikwambia sitaki kufungwa?"

Jina la Ramani likaitwa, kiongozi bora wa shule. Akapanda kupokea kikombe, makofi yakapigwa, na Hesabu akayasikiliza akiwa nyuma ya pazia, mikono ya suti imemfika vidoleni. Alipopokea cheti chake cha mwalimu bora hakukitazama. Alimfuata kwenye ngazi za nje, akageuza ratiba ya sherehe, akaandika mgongoni: *Naomba uhamisho. Sababu: mke wangu mtarajiwa.*

"Ndiyo posa hii?"

"Ndiyo. Weka saini."

"Hata pete huna, baba wewe?"

"Nina kalamu nyekundu."

Akaitwaa, akasaini.

Walioana likizo ya Desemba. Ombi la uhamisho lilirudi limeandikwa: *Mwalimu bora. Shule haiwezi kumwachia.* La mke nalo likarudi hivyohivyo. Huu ni mwaka wa tatu. Wanaonana likizo tu. Karani amestaafu. Shemeji alirudishiwa suti yake. Kikombe cha mke kinawekewa chaki. Mume bado yuko kwenye meza ileile, na kiti cha pili hakikaliwi. Mke, kwenye nyumba ya vyumba vitatu, siku hizi anaandaa meza na kukaa, simu ameiegemeza kwenye jagi la maji, wanakula pamoja mpaka chaji iishe.