Dole la Pili Kwenye Mkataba

Siku ya kukabidhiana fremu ya duka, kaka mtu hakuvuka kizingiti. Hapo ndipo Bi Sindano angeshtuka, lakini nani amshtukie ndugu wa tumbo moja? Mwenye fremu huingia na mpangaji, wakagusa kuta, wakafungua bomba, wakatazama vioo vilivyopasuka, kisha ufunguo ukapokelewa humo humo ndani. Huyu kasimama nje juani, kanyoosha mkono kama anayemlisha mbwa mkali.

"Ingia tu, dada. Mimi nimeshapachoka."

"Unaogopa vumbi, kaka?"

Akacheka. Cheko la meno tu.

Ndani palikuwa patupu, pamepakwa chokaa, na palinuka maziwa. Si ya ng'ombe. Maziwa ya mama, yaliyochachia kwenye nguo ya mtoto.

Bi Sindano alikuwa mshonaji. Miaka kumi na mitano kashonea kwenye vibaraza vya watu, mvua ikija anakimbia na cherehani kichwani. Fremu yenye mlango, ya miaka mitano, kwa mkataba wa wakili! Alilia kwa furaha. Na huko kwa wakili mambo yalikwenda hivi: karatasi zikachapwa nakala tatu, karani akasafisha koo asome, maana mama wa watu hakujua hata herufi moja. Kaka akazinyakua.

"Nitamsomea mwenyewe. Au humwamini kaka yako, dada?"

Haya, wewe ungesemaje? Kumwambia karani asome ni kumwita ndugu yako mwizi mbele za watu. Akanyamaza. Kaka akasoma mbio mbio, dole likachovywa wino, mhuri ukagongwa, kwisha.

Wiki ya pili ndipo yalipoanza, tena mchana kweupe, saa saba, jua limewalaza watu wote. Kanyagio la cherehani likashuka. Likapanda. Mguu wake hauko. Akasema ni upepo. Siku ya tatu akakuta nyayo mbichi sakafuni, ndogo, urefu wa kidole chake cha kati, zimetoka ukutani na kuishia chini ya kiti chake. Na siku ya tano, akiwa ameinama anatunga uzi, akasikia pumzi ya joto kwenye goti, kisha kitu kikaegemea paja lake taratibu kama mtoto mwenye usingizi, na ile harufu ya maziwa ikapanda mpaka kooni, naye hakuthubutu kuinama kutazama wala kuinuka, akabaki na sindano hewani mpaka mteja alipobisha hodi na paja likawa jepesi.

Akaenda kumwita mganga, mwanamke mzee asiye na mbwembwe. Mganga naye akakomea mlangoni, akanusa.

"Mwanangu, una karatasi ya hapa?"

Ikatolewa sandukuni. Pembeni ya dole la Bi Sindano palikuwa na dole jingine, dogo kama punje ya maharage, wino wake bado mbichi. Akaitwa yule karani. Akasoma kwa sauti ya chini, mara akasita.

"Soma, baba," mganga akasema.

"'Mpangaji anaipokea fremu pamoja na aliyemo ndani, naye atamlea.'" Karani akafuta jasho. "Mama, mimi nilijua kaka yako kakusomea."

"Kanisomea choo na bomba!"

Mganga akatikisa kichwa. "Huyu simfukuzi. Angekuwa mvamizi ningemtoa leo leo, lakini huyu ana mkataba. Aliyemtia ndiye wa kumtoa. Kaka yako aingie, apokee ufunguo ndani kwa mkono wake. Basi."

Kaka akaitwa. Akaja, akasimama pale pale juani. Bi Sindano alikuwa ndani, kanyoosha ufunguo.

"Njoo uupokee, kaka. Hatua moja tu."

"Dada, usinifanyie hivyo."

"Ulimleta wewe?"

"Nilitaka anivutie wateja." Alinong'ona, macho chini. "Akavuta kweli. Kisha akaanza kuniulizia wanangu. Kwa majina, dada! Ananiuliza yule mdogo anapenda kulala upande gani."

"Ndipo ukanikumbuka mimi."

"Alitaka mtu wa damu yangu. Ningempa nani? Mimi ninao wanne. Wewe huna mtoto."

Alilisema hivyo hivyo, kama mtu anayetaja bei. Miaka yote mawifi walipomsimanga kwa ugumba wake, huyu ndiye alikuwa akiwafokea wanyamaze. Kumbe naye alikuwa ameliweka akiba. Mkono wa Bi Sindano wenye ufunguo ukashuka wenyewe. Kaka akageuka, akaondoka bila kutazama nyuma, mwanzo anatembea, halafu anakimbia.

Mganga alikwisha kwenda zake, karani naye hayupo, na mtaa ulikuwa kimya kama umemwagiwa maji. Nyuma yake kanyagio likashuka, likapanda, kisha kitu kikamshika upindo wa kanga, kikavuta kidogo.

"Mama," kikasema. "Mjomba kaenda?"

Machozi yalikuwa yakimtiririka, na hakujua anamlilia nani.

"Kaenda."

"Wale wanne wa mjomba, si ndugu zangu? Nikacheze nao?"

Neno lilikuwa moja tu, hapana. Alilijua. Lilikuwa pale kwenye ulimi. Na Bi Sindano akanyamaza, kama alivyonyamaza kwa wakili.