Abiria wa Kiti cha Dirishani

Ilianza na harufu. Harufu ya nywele zinazoungua, ndani ya chumba kisicho na moto wala nywele, maana mwenye chumba alikuwa na upara unaong'aa kama sahani ya wageni.

Alikuwa fundi cherehani, majirani wakimwita Kapteni. Ndege ya kweli hajawahi hata kuigusa, lakini chumba cha nyuma ya duka alikigeuza cha rubani: kompyuta yenye programu ya mchezo wa kurusha ndege, usukani wake, na pedali ya cherehani kuukuu chini ya miguu, ya kudhibiti mwendo. Kuruka aliruka vizuri. Kutua ndiko kulikomshinda. Kila safari iliishia vipandevipande.

"Kapteni gani wewe?" mkewe humtania. "Abiria wako wote marehemu!"

Sasa kesho yake mke huyo angepanda ndege, mara yake ya kwanza, kwenda kwa dada yake aliyelazwa, na hofu ilimkausha mate. Kapteni akaahidi kumwonyesha safari nzima kwenye kioo cha kompyuta. Akaunda nyongeza ya programu, faili dogo la kuongeza abiria, kwa picha ya mkewe ya mwaka jana, ili ajione kaketi dirishani, karibu na bawa. Halafu, kwa uroho wa vya bure, akapakua mtandaoni nyongeza nyingine ya kujaza abiria, isiyo na jina la aliyeitengeneza.

Tangu hapo programu ikawa inajizima kila akiifungua. Na ile harufu.

Akafanya wanavyofanya wachezaji wa mchezo huo: akatoa nyongeza zote, akarudisha nusu, akajaribu, akaigawa tena nusu iliyogoma. Mwisho zikabaki mbili, ya mkewe na ile ya bure. Kila moja peke yake, sawa. Zikikutana, kioo cheusi. Zote zilidai kiti kilekile.

Mwenye akili zake angeifuta ile ya bure. Kapteni, bahili hata wa kile asichokinunua, akabadilisha mpangilio tu, kwa kuwa inayosomwa mwisho ndiyo inayopata kiti. Akaiweka ya mkewe mwisho.

Ikafunguka. Ndege ilikuwa tayari angani.

"Mama watoto! Njoo ujione!"

"Nipo," ikajibu sauti nyuma ya kisogo chake. Ndala za mkewe, ambazo mburuzo wake husikika hadi mtaa wa pili, hakuzisikia.

Kwenye kioo, mwanamke wa dirishani alikuwa akipiga dirisha kwa viganja, mdomo wazi. Kidoleni alikuwa na plasta. Plasta ile mkewe aliibandika asubuhi hiyohiyo.

"Mke wangu?" akanong'ona, bila kugeuka.

"Nilichoka kukaa pale," ikasema sauti ya mkewe. "Umefanya vyema kumpa yeye kiti."

"Mrudishe. Nakuomba."

"Mshushe mwenyewe. Si wewe kapteni?"

Mkono wa Kapteni ukaenda kwenye swichi ya umeme.

"Zima," ikamhimiza taratibu. "Halafu atashukia wapi?"

Mkono ukarudi kwenye usukani, na Kapteni, ambaye hajawahi kutua na ndege ikabaki nzima, akaiinamisha pua kuelekea uwanja, jasho likimwingia machoni, harufu ya nywele ikimjaa kooni, pumzi baridi ikimlamba upara, mguu ukilemea pedali mpaka akakumbuka kitambaa chepesi cha shela, kile ambacho ukikikanyagia kwa pupa kinachanika chote, akakanyaga kama anayeshona shela, kidogo, kidogo tena, huku mkewe akipiga dirisha na ardhi ikipanda, ikipanda, na matairi yakagusa.

Ndege ikasimama. Nzima.

Kiti cha dirishani kilikuwa kitupu.

Nyuma yake yakalia makofi. Ya watu wawili.

"Kapteni," akasema mkewe kwenye bega la kulia, akihema.

"Kapteni," akasema mkewe kwenye bega la kushoto, bila kuhema. "Sasa kesho anasafiri nani?"